Mke Anayekuja Nyumbani na Miswada



Kati ya barua za mwezi huu imo moja iliyotufanya tukae kitako na kufikiri. Imetoka kwa mama mmoja wa hapa Kenya, ambaye binti yake ameajiriwa na serikali kuwa mchambuzi wa sera na sheria za mabadiliko ya tabianchi. Binti huyo ameolewa na ana mtoto wa miezi minane. Mumewe haoni faida ya kazi hiyo. Anasema mwalimu huonekana darasani na muuguzi huonekana wodini, lakini mkewe huja na rundo la karatasi, akazisoma hadi usiku wa manane, na hakuna kitu cha kuonyesha. Sasa anamtaka aiache. Mama anatuuliza, "Nimwambie nini mkwe wangu, hali mimi mwenyewe siijui kazi hiyo?"

Swali hili ni la wengi, maana mabinti zetu siku hizi hufanya kazi ambazo sisi hatukuzijua tulipokuwa wasichana. Tuanze basi kwa kuieleza kazi yenyewe.

Sheria haizaliwi siku moja. Huanza kama mswada. Hapa Kenya mswada husomwa bungeni mara ya kwanza, kisha kamati hukusanya maoni ya wananchi. Hujadiliwa katika kusomwa mara ya pili, hurekebishwa kifungu kwa kifungu, na husomwa mara ya tatu. Ukiwa unazihusu kaunti, Seneti nayo huupitia. Mwisho hupelekwa kwa Rais autie sahihi. Waziri na mbunge hawana nafasi ya kusoma kila ukurasa wa kila mswada. Kwa hiyo mchambuzi huusoma, akaulinganisha na sheria zilizopo, akapiga hesabu ya gharama, kisha akaandika kwa ufupi: mswada unasema nini, utamgusa nani, una kasoro gani, na kasoro hizo zirekebishwe vipi.

Hesabu yake huishia jikoni mwetu. Chukua mtungi wa gesi. Mwezi wa Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa kodi ya asilimia 16, ile tuionayo kwenye risiti kama VAT. Mwaka 2022 kodi hiyo ikapunguzwa kuwa asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Kila badiliko lilikuwa maneno machache tu ndani ya sheria ya fedha, ambayo haina hata neno tabianchi katika jina lake. Mchambuzi hodari hangoji mswada wenye jina la mazingira. Huisoma sheria ya fedha pia, akauliza: bei ikipanda, ni mama yupi atakayerudi kwenye makaa? Miti ya makaa hayo itakatwa wapi? Moshi wake atauvuta nani, kama si yule mtoto aliye mgongoni mwa mama?

Tena kuna suala la neno moja. Kifungu kinaweza kusema Waziri "anaweza" kutoa taarifa kwa Bunge, au kikasema "lazima" atoe. Kwa masikio yetu tofauti ni ndogo. Lakini mwenye "anaweza" akinyamaza hakuna wa kumuuliza, na mwenye "lazima" akinyamaza anaweza kushtakiwa. Kuna binti wa mtu aliyekesha ili neno la pili likae mahali pa la kwanza.

Tutoe mfano mwingine, wa mwaka 2023, Bunge lilipoirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ili kuweka utaratibu wa biashara ya hewa ya kaboni. Katika biashara hiyo, makampuni hulipia miti inayotunzwa na ardhi inayohifadhiwa. Sheria ikasema kwamba mradi ulio kwenye ardhi ya jamii ulipe jamii hiyo angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondoa gharama za kuendesha shughuli. Sisi wengine tukisikia asilimia 40 tunapiga vigelegele. Mchambuzi husimama kwenye maneno "baada ya kuondoa gharama" na kuuliza: gharama hizo atazihesabu nani, na jamii itaonyeshwa vitabu vya hesabu? Hapo ndipo karo ya watoto wa kijiji hupatikana au hupotea.

Wala tusidhani haya ni mambo ya wasomi wa Nairobi peke yao. Tumeiona misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mifugo ikafa na akina mama wakatembea mbali zaidi kutafuta maji. Kisha tukaona mafuriko ya 2024, yaliyowaua watu zaidi ya 200. Fedha za kuchimba mabwawa na kujenga mitaro hazitoki zenyewe. Hutoka kwa sababu sheria au bajeti imesema zitoke, na kabla ya hapo mtu alikaa akaandika kwa nini.

Hatutaki kuipamba kazi hii kupita kiasi. Ina uchovu wake. Mswada ukikaribia kujadiliwa, simu hulia hata Jumapili. Mara nyingine mchambuzi huandika ukweli, na wakubwa wakauweka kando. Mara nyingine hushawishiwa aandike lile linalopendeza badala ya lile lililo kweli, na hapo huhitaji moyo thabiti. Matunda yake pia huchelewa. Mswada wa kwanza wa tabianchi ulifika kwa Rais Kibaki, naye mwezi wa Januari 2013 akakataa kuutia sahihi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Sheria ilipatikana tarehe 6 Mei 2016, miaka mitatu na zaidi baadaye. Ukimngoja mke wa namna hii akuonyeshe matunda kila mwisho wa mwezi, utamvunja moyo bure.

Sasa, mama mwenzetu, haya ndiyo tunayokushauri.

Kwanza, usimkabili mkwe wako wewe mwenyewe. Unajua heshima iliyopo kati yenu, na neno la mama mkwe, hata likiwa la busara, laweza kuchukuliwa kuwa dharau. Mwache binti azungumze na mumewe, au baba yake amwite kijana wakae kama wanaume. Neno la kumwambia ni rahisi: mke wako huangalia sheria zisije zikatupandishia gharama ya kupika na kutupunguzia maji.

Pili, mwambie binti asiwe bubu nyumbani. Mume aonaye karatasi tu atachukia karatasi. Amsimulie, kwa lugha ya kawaida, kifungu anachohangaika nacho. Mume akiulizwa maoni yake juu ya bei ya gesi, atajiona yumo ndani ya kazi hiyo.

Tatu, mume naye ana haki ya kulalamika mtoto akikosa mama yake kila usiku. Jambo hilo lisifunikwe. Wakubaliane saa za karatasi na saa za nyumba. Kalenda ya Bunge hujulikana mapema, hivyo majuma mazito yaweza kupangiwa. Bibi akiweza kuja kumshika mtoto katika majuma hayo, na aje. Huo ni msaada mkubwa kuliko maneno mengi.

Kuacha kazi kuwe uamuzi wa wawili, wakiisha kuyajaribu hayo kwa miezi kadhaa, wala kusiwe amri ya hasira ya usiku mmoja.

Nasi tuliobaki tuna sehemu yetu. Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na mwaliko wa kutoa maoni hutangazwa magazetini. Mara nyingi tunaupita tukitafuta bei za unga. Chama chenu cha akina mama kikiona tangazo kama hilo, kaeni, mwombe anayejua Kiingereza awaelezee mswada, kisha andikeni ukurasa mmoja, hata kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi. Semeni ndoo ya maji mnainunua kwa shilingi ngapi wakati wa kiangazi, na gunia la makaa limefika wapi. Mchambuzi aliye ofisini hana njia nyingine ya kuyajua hayo, na akiyapata kwa maandishi anaweza kuyaweka mbele ya kamati kama ushahidi.