Chama cha Mafundi Umeme Si Urithi wa Baba na Mwana

Wapo watu, na baadhi yao ni viongozi wa wafanyakazi wenye sifa zao, wanaoamini kuwa kazi ya kwanza ya chama cha mafundi ni kulinda mlango. Hoja yao ni nyepesi: mafundi wakiwa wachache ujira utapanda, wakiwa wengi ujira utashuka, kwa hiyo anayebisha hodi ni adui wa aliyekwisha kuketi ndani. Hoja hiyo husemwa kwa sauti ya mtu anayewatetea wafanyakazi. Kwa hakika ni hoja ya mlanguzi anayeficha sukari chini ya kaunta akingoja bei ipande. Tofauti ni kwamba kinachofichwa hapa ni nafasi ya binadamu mwenzake kujifunza kazi.

Marekani ni nchi ambayo hoja hiyo imejaribiwa kwa muda mrefu, tena katika chama chenye nguvu: Udugu wa Kimataifa wa Wafanyakazi wa Umeme, unaojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, IBEW. Matokeo ya jaribio hilo yanaonekana, na hayawapi raha walinzi wa mlango.

Chama hicho kilizaliwa katika mji wa St. Louis mwezi Novemba 1891. Wajumbe walikuwa kumi tu, wakiwakilisha wanachama 286. Hawakukutana ili kupunguza idadi ya mafundi. Kifo kilikuwa kikiwapunguza vya kutosha. Kumbukumbu za chama zinaeleza kuwa katika sehemu nyingine fundi mmoja kati ya wawili waliopanda nguzo aliishia kufa kazini. Rais wao wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa nguzo naye. Mwaka 1896 alikuwa juu ya nguzo mjini Washington alipopigwa na umeme, akaanguka, akafa. Watu wa namna hiyo walipochagua kuitana ndugu hawakuwa na maana ya watoto wa baba mmoja. Walikuwa na maana ya watu ambao waya mmoja ungeweza kuwaua wote.

Ili kuelewa jinsi neno hilo lilivyopotoshwa, yafaa kwanza kujua mtu anavyoingia katika chama hicho. Njia kuu ni uanagenzi. Kijana huomba nafasi kwa halmashauri ya mafunzo ya eneo lake, ambayo nusu ya wajumbe wake hutoka katika chama na nusu kwa makontrakta. Kwa kawaida atakiwe awe ametimiza miaka 18 aanzapo mafunzo, awe amemaliza shule ya sekondari au ana cheti kinacholingana nayo, na awe amesoma aljebra. Hufanya mtihani wa hesabu na wa kusoma na kuelewa. Akifaulu huitwa kwenye usaili mbele ya halmashauri, kisha jina lake huwekwa katika orodha kwa kufuata alama zake. Nafasi zikipatikana, wanaitwa kuanzia juu. Aliye chini aweza kungoja hadi orodha yake ipitwe na wakati, akaanza upya.

Anayechukuliwa kuwa fundi wa nyaya za majengo hutumikia miaka mitano hivi. Hufanya kazi saa 8,000 chini ya fundi kamili na kuhudhuria darasa saa zipatazo 900. Wala hii si shule ya mtoto wa tajiri, kwani mwanagenzi hulipwa tangu siku ya kwanza. Huanza na karibu nusu ya ujira wa fundi kamili, au pungufu kidogo, na kiwango hupanda kadiri anavyofuzu hatua. Amalizapo ana ufundi, bima ya matibabu na pensheni, na hana deni la chuo. Kwa mtoto wa mfanyakazi katika nchi ya mabepari, ni milango michache sana ya aina hiyo iliyobaki.

Kwa sababu hiyo hasa, walioushika ufunguo walishawishika kuurithisha. Katika matawi mengi ya mafundi wa majengo hadi miaka ya 1960, mwombaji alihitaji kwanza mwanachama wa kumdhamini, na mwanachama alimdhamini mwanawe, mpwa wake au kijana wa kanisani kwake. Haikulazimu kuandika popote kwamba mtu mweusi hatakiwi. Kama wanachama wote ni weupe, na kila mmoja anamleta mtu wa ukoo wake, ubaguzi unajiendesha wenyewe. Wasomaji wa hapa nchini wanalo jina la ugonjwa huo. Waliuita "undugunaizesheni," wakacheka, kisha wakaona kuwa hauchekeshi.

Wanawake walionja dawa hiyo mapema zaidi. Wapokeaji wa simu, waliokuwa wasichana karibu wote, walikuwa wanachama halali wa IBEW, lakini idadi yao ilipokua wanaume waliogopa kuzidiwa kura. Mwaka 1918 wasichana hao wakatengewa idara yao peke yao. Mwezi Aprili 1919, wakiongozwa na Julia O'Connor, waligoma na kuzima simu za eneo zima la New England. Katika siku sita wakashinda. Ni vigumu kufikiria ushahidi ulio bora zaidi kwamba wale waliosukumiwa pembeni walikuwa nguvu, hawakuwa mzigo. Hata hivyo ushahidi huo haukubadili mengi katika vichwa vya waliowatenga.

Kwa Wamarekani weusi mlango ulifunguka kwa kusukumwa. Mwaka 1963 waandamanaji walizingira ujenzi wa shule mjini Philadelphia na wa hospitali mjini New York, wakiuliza kwa nini majengo yanayojengwa kwa kodi zao, katika mitaa yao, hayana fundi hata mmoja wa rangi yao. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilipopitishwa, matawi kadhaa yalijitetea kwamba hayabagui tena, na kwamba taratibu zao za zamani hazina kosa. Tawi namba 38 la Cleveland lilifika mahakamani na utetezi wa namna hiyo. Mwaka 1970 mahakama ya rufani iliukataa. Utaratibu unaoonekana kuwa wa haki, lakini unaendeleza matokeo ya ubaguzi wa jana, hauwezi kuachwa kwa sababu tu umevaa nguo safi.

Mtetezi wa mlango atasema: umeme hauchezewi, na mtu asiyejua kazi ataiunguza nyumba. Hilo ni kweli, na halihusiani na hoja yake. Miaka mitano ya mafunzo inalinda ubora wa kazi. Mtihani wa aljebra unalinda ubora wa kazi. Jina la baba wa mwombaji linalinda nini? Nyaya hazijui ukoo wa aliyezifunga.

Atasema pia kuwa kuongeza watu ni kushusha ujira. Hapa ajibiwe na mafundi wenzake wa tawi namba 3 la New York. Mwezi Januari 1962 tawi hilo, chini ya Harry Van Arsdale, liligoma na kupata juma la kazi la saa 25 za kawaida, yaani saa tano kwa siku. Lilipokwisha kupunguza saa ili kazi zienee kwa watu wengi zaidi, lilifungua nafasi kwa wanagenzi wapya wapatao 1,000, wakiwamo vijana wengi weusi na wenye asili ya Puerto Rico. Haikuwa hisani tupu, kwa maana lawama juu ya vyama vya ujenzi zilikuwa zimeanza kuchoma. Lakini matokeo ndiyo yanayohesabika. Tawi lililoongeza watu na kupunguza saa kwa wakati mmoja halikuporomoka. Liliendelea kuwa miongoni mwa matawi yanayoogopwa na waajiri wa mji ule.

Walinzi wa mlango hawakujifunza kwa New York. Waliojifunza ni mabepari, na wao walijifunza jambo jingine. Mwaka 1969 makampuni makubwa yaliyokuwa yakijengesha viwanda yaliunda umoja wao kwa lengo la wazi la kuvunja nguvu ya vyama vya ujenzi. Kiongozi wake alikuwa Roger Blough, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampuni ya chuma ya U.S. Steel. Mwaka huohuo serikali ya Richard Nixon ilitangaza Mpango wa Philadelphia, uliowataka makontrakta wa kazi za serikali, zikiwamo za umeme, wajiwekee malengo ya kuajiri watu weusi. Dai lilikuwa la haki. Aliyelishika mkononi hakuwa rafiki wa mfanyakazi, mweusi wala mweupe. Aliona ufa ambao wafanyakazi wenyewe walikuwa wameuchimba, akatia kabari.

Na umoja wa Blough ulipotafuta mafundi wasio na chama, haukuhangaika. Walikuwa wamejaa nje ya mlango. Walikuwamo waliokataliwa, watoto wa waliokataliwa, na wale ambao hawakuthubutu kuomba kwa kuwa hawakuwa na mjomba ndani. Vijana hao walifunzwa nusunusu, wakalipwa kidogo, wakajenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu wafanyakazi wanne kati ya kila kumi wa ujenzi nchini Marekani walikuwa katika vyama. Leo ni mmoja hivi kati ya kumi. Si haki kuutupia undugunaizesheni lawama yote ya anguko hilo, kwa kuwa zilikuwapo pia sheria kandamizi, mahakama, na mamilioni ya dola za waajiri. Lakini aliyempa adui jeshi la akiba hawezi kujivua.

Sheria kandamizi zenyewe zinastahili neno moja. Tangu Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947, majimbo yameruhusiwa kupiga marufuku mikataba inayomtaka kila anayefaidi makubaliano ya chama achangie gharama zake. Majimbo 26 yana sheria hizo sasa, na yamezipa jina tamu la "haki ya kufanya kazi." Hazimpi mtu yeyote kazi. Zinampa mtu ruhusa ya kula mezani bila kuchangia chakula, zikitumaini kuwa meza itaanguka. Katika majimbo hayo chama hakina ngao ila idadi na imani ya watu wake, na ndiko ambako kufunga mlango ni sawa na kujinyonga.

Upo mlango wa pili, usiosemwa sana. Fundi ambaye tayari anafanya kazi kwa kontrakta asiye na chama aweza kuingia kwa kuthibitisha maelfu ya saa alizofanya, kisha kupimwa ujuzi. Au yeye na wenzake waweza kukileta chama kazini kwao: asilimia 30 wakitia saini kadi, Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi huweza kuitisha kura ya siri, na wengi wakikubali mwajiri hana budi kuketi mezani. Waajiri hukodi washauri wa kuwatisha watu kabla ya kura hiyo. Mlango huu ndio unaowafaa zaidi wahamiaji, wakiwamo mafundi wanaosema Kiswahili walioondoka Kongo au Afrika Mashariki na vyeti ambavyo mara nyingi havitambuliwi moja kwa moja na wenye kutoa leseni kule. Mtu huyo anajua kufunga swichi gizani, lakini mtihani ni wa Kiingereza, na saa alizofanya Bukavu au Mwanza hana wa kumsainia. Tawi linalomsaidia linapata fundi na mtetezi. Tawi linalompuuza litakutana naye kesho akifanya kazi ileile kwa nusu ya bei.

Hatari ya sasa ni kwamba msukumo wa kutoka nje umelegezwa. Mwaka 1965 Rais Johnson alitoa amri namba 11246, iliyowabana makontrakta wa serikali katika kuajiri. Mwaka 1978 kanuni zilizotokana na amri hiyo ziliweka lengo la wanawake kufikia asilimia 6.9 ya saa za kazi za ujenzi. Lengo lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu, na miaka zaidi ya arobaini baadaye mafundi umeme wanawake bado ni wachache mno. Mwezi Januari 2025 Rais Trump aliifuta amri hiyo. Sheria ya mwaka 1964 ingalipo, lakini inamtaka aliyeonewa aanze safari ya malalamiko na mahakama, na kijana wa miaka 18 asiye na mjomba hana wakili pia.

Kwa hiyo ufunguo umerudi mkononi mwa matawi yenyewe. Yasingoje mahakama nyingine ya Cleveland. Kila halmashauri ya mafunzo ibandike ukutani idadi ya walioomba mwaka huu, idadi ya waliofaulu mtihani, idadi ya waliochukuliwa, na wangapi kati yao ni watoto au ndugu wa wanachama. Ibandike na alama za usaili, ambako upendeleo hupenda kujificha baada ya mtihani kuisha. Na wajumbe wanaotokana na chama, walio nusu ya viti, wawe wa kwanza kudai orodha hiyo isomwe kwa sauti katika mkutano wa wanachama.