Bei ya Kahawa Iko Juu, Lakini Mashine ya Enzi za Guka Bado Inakula Doo Yako

Ukifika Wamagana mwezi wa Novemba, msimu ukiwa umeshika, jioni haina story ingine. Ni magunia ya cheri kwa pikipiki, kwa punda, kwa wilbaro, kwa mgongo wa mathe fulani ameamka saa kumi na moja asubuhi. Zote zinaelekea fakitri. Halafu giza likianza kuingia unasikia mashine inanguruma, maji yanapita kwa mifereji, na hiyo harufu ya maganda mabichi kila mtu wa Tetu anaijua.

Miaka ya karibuni, stori kwa kila baze imekuwa bei. Na ni haki. Februari 2025 kahawa ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili kwa soko la New York, kitu hakijawahi kuonekana. Huku mlimani, baadhi ya sosaiti zililipa zaidi ya shilingi 100 kwa kilo ya cheri. Wasee waliokuwa wameng'oa kahawa wakapanda avocado wakaanza kujikuna kichwa.

Tukiongelea pesa ya kahawa, huwa tunataja watu walewale: makateli, mabroka, wenye mili, serikali. Sawa, hao wako, na wamekula. Lakini kuna mwizi mwingine hatajwi kwa mkutano wowote. Hana ofisi, hana simu. Ni kipande cha chuma kimechakaa ndani ya mashine ya kumenya kahawa, na kila jioni ya msimu kinakata mbegu zako bila kukuambia.

Hiyo mashine ni ya lini?

Turudi nyuma kidogo. Mwafrika wa hapa alizuiwa kupanda kahawa miaka mob. Mlango ulifunguka vizuri baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Sosaiti zikaundwa, fakitri zikajengwa kando ya mito, hasa mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960. Mashine zikaletwa kwa meli kutoka Uingereza. Jina lililotamba ni McKinnon, kampuni ya Aberdeen, Scotland. Mpaka leo ukiingia fakitri nyingi za mlimani utakutana na fremu nzito ya McKinnon, rangi imebanduka, lakini chuma yenyewe bado imesimama kama jana.

Na usicheke. Hizo mashine ni noma. Watu wa kahawa huamini ule ladha ya Nyeri inayolipiwa vizuri huko majuu inatokana na udongo, mbegu za SL28 na SL34, na pia jinsi tunavyomenya, kuchachusha na kuosha. Diski za zamani ni sehemu ya hiyo rekodi.

Shida ni kwamba fremu inaweza kuishi miaka mia lakini sehemu zinazosugua haziwezi. Diski ina vinundu vidogo kila mahali. Inazunguka, inaivuta cheri, inaibana dhidi ya upau wa chuma uliokaa mbele yake. Ganda linapita upande mmoja, mbegu upande mwingine. Kila kitu kinategemea nafasi kati ya diski na upau, na hiyo nafasi ni nyembamba kuliko kidole chako kidogo.

Vinundu vikiisha, cheri zinapita bila kumenywa. Fundi akikaza upau ili zimenyeke, zile mbegu kubwa zinakatwa. Beringi ikilegea, diski inayumba: upande huu inakata, upande ule inaacha maganda. Ukichagua moja, umeumia na ingine.

Hesabu ya kuumiza kichwa

Mbegu iliyokatwa inaingia kwa tangi la kuchachusha ikiwa na kidonda. Inaoza tofauti na wenzake na inaweza kuharibu ladha ya zingine. Ikifika mili, haiwezi kuwa AA. AA ni mbegu kubwa na nzima. Vipande vinashuka chini mpaka kwa madaraja kama T, ile kahawa ya bei ya kutupa.

Fanya hesabu ya mfano tu. Tuseme fakitri imepokea kilo 500,000 za cheri kwa mwaka. Kwa kawaida kilo 7 hivi za cheri zinatoa kilo moja ya kahawa safi, kwa hivyo hapo una karibu kilo 71,000. Mashine ikikata mbegu 3 tu kwa kila 100, hizo ni zaidi ya kilo 2,100. Tuseme tofauti ya bei kati ya daraja la juu na la chini ni shilingi 200 kwa kilo. Umepoteza zaidi ya laki nne. Mwaka mmoja. Fakitri moja. Na hakuna mtu ameiba.

Na hapa ndipo bei ya juu inageuka. Kahawa ikiwa bei ya mchele, mbegu iliyokatwa ni hasara ndogo. Dola ikipanda, kila mbegu iliyokatwa inauma zaidi. Kwa hivyo hii miaka mizuri ndiyo miaka mbaya zaidi ya kuendesha mashine imechoka.

Kwa nini spea si kuingia tu dukani?

Mtu wa Nairobi atauliza: si mnunue tu spea? Buda, hii si Probox. Huwezi kwenda Kirinyaga Road uitishe diski ya mashine ililetwa kabla uhuru.

Kuna njia tatu fakitri hutumia. Ya kwanza ni kuchinja. Kenya ilitoa karibu tani 130,000 za kahawa msimu wa 1987/88. Siku hizi tunacheza kwa tani 50,000 hivi. Maana yake kuna mashine kibao zimelala bila kazi, kwa hivyo moja inageuzwa mochari ya spea za zingine. Inasaidia, lakini unachukua kipande kimezeeka unaweka badala ya kipande kimezeeka.

Ya pili ni kuchomelea. Hapa ndipo pesa inapotea bila mtu kujua. Fremu na sehemu nyingi za hizo mashine ni chuma cha kusubu, ile mafundi huita kasti. Kasti si kama chuma ya kutengeneza geti. Ukiipiga weldi ikiwa baridi, inashika leo, kesho inapasuka kando ya ulipochoma. Inataka kupashwa moto polepole kwanza, ichomelewe kwa waya wa nikeli au ishikishwe kwa shaba ya njano, halafu iachwe ipoe polepole. Fundi anayejua hiyo kazi yuko, lakini si kila mwenye mashine ya weldi kando ya barabara ni yeye.

Hata bolti zina siasa zake. Mashine za Uingereza za enzi hizo zilitumia thredi za Whitworth. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina thredi 12 kwa kila inchi. Ile ya Kimarekani ya saizi hiyohiyo ina 13. Kwa macho ni mapacha. Ukilazimisha moja kwa shimo la ingine, inaingia raundi mbili tatu, inakwama, inakula thredi, na kipande cha kasti cha miaka 60 kimeharibika sababu ya bolti ya shilingi mia.

Njia ya tatu ndiyo ya ukweli: kutengenezewa kipande kipya. Unachonga sampuli ya mbao, unaizika kwa mchanga, unamwaga chuma kilichoyeyuka, kikipoa unakipeleka kwa lethi. Watu wa kusubu wako Nairobi, mafundi wa lethi wako Nyeri mjini na Karatina. Kazi inawezekana kabisa.

Lakini kuna mtego. Chuma kikipoa kinanywea, karibu moja kwa mia. Kipande cha sentimita 30 kinapungua milimita 3 hivi. Sasa fakitri nyingi hazina mchoro wa mashine. Zinampelekea fundi kile kipande kilichochakaa zinamwambia, "Tengeneza kama hii." Fundi akikizika kwa mchanga vile kilivyo, unapata kipande kimepungua kwa kunywea na bado kimebeba uchakavu wa kile cha zamani. Umelipa pesa mpya ukanunua ugonjwa uleule.

Chai wameweza, kahawa je?

Hapa ndio stori inakuwa ya uchungu, kwa sababu jibu liko Tetu hapohapo. Panda juu kidogo upande wa Aberdare, kahawa inaisha chai inaanza. Fika Gathuthi, kiwanda cha chai. Hizo mashine za kukata chai nazo zina rola za chuma zinazochakaa na kutaka kunolewa kila mara. Lakini wakulima wa chai kupitia KTDA wana kampuni yao ya uhandisi, TEMEC, ambayo kazi yake ni mashine za viwanda vya chai. Mkulima wa chai anaweza kulalamika juu ya bonasi, na hulalamika sana, lakini spea ina mahali pa kuitishwa.

Mkulima wa kahawa, ambaye mara nyingi ni mtu yuleyule mwenye shamba pande zote mbili, hana kitu kama hicho. Kila sosaiti inapigana kivyake na fundi wake, bila mchoro, katikati ya msimu, usiku, cheri zikiwa zimejaa. Na cheri haingoji. Inafaa kumenywa siku ileile imechumwa. Hapo unalipa bei yoyote fundi anataka.

Dunia imetuonyesha kwamba hii inaweza kuwa biashara. Injini za Lister, zile za kupiga du-du-du zilizoendesha posho mill na fakitri nyingi hapa kwetu, zilitoka mji wa Dursley, Uingereza. Waingereza waliacha kuzitengeneza zamani. Lakini mji wa Rajkot, India, uliziiga, ukazisubu, na hadi leo ukitafuta spea ya Lister kuna uwezekano mkubwa imetoka huko. Mji mzima umekula kwa injini ya mtu mwingine. Sisi tuna mashine mlima mzima, tuna mafundi, na bado tunatafuta bolti.

Na usiseme hatuna vichwa. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko Nyeri, kinafundisha uhandisi wa mitambo, na kina shamba lake la kahawa. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa 2009 uliahidi sehemu za jua kali kwa kila eneobunge, na nyingi zikakaa miaka bila kazi. Vijana wanamaliza kozi za lethi na weldi wanaishia kuendesha boda.

Kwa nini hakuna anayesukuma?

Jibu rahisi ni uzembe. Jibu la ukweli ni sisi wenyewe.

Kanuni za Kahawa za 2019 zinataka mkulima apate angalau asilimia 80 ya mapato, sosaiti ibaki na isiyozidi 20. Sheria nzuri, ililetwa kuzuia kamati kukula. Lakini diski, beringi na fundi vyote vinatoka kwa hiyo 20. Mwenyekiti akitumia pesa kwa mashine, bei ya kilo inashuka shilingi moja au mbili. Sosaiti jirani ikitangaza imelipa zaidi, wanachama wanahama na uchaguzi unampita. Kwa hivyo anapiga weldi, anatangaza bei tamu, anapigiwa makofi. Hasara ya mbegu zilizokatwa haionekani kwa karatasi yoyote.

Kuna wanaosema tuachane na hii mitumba tulete mashine mpya, kama zile za Penagos kutoka Colombia. Hoja yao ina nguvu: zinatumia maji kidogo sana, na mito yetu si ile ya zamani. Fakitri yenye shida ya maji ifikirie hilo kwa makini. Lakini mashine mpya nayo itachakaa, na spea itakuwa mbali kuliko Nairobi. Bila tabia ya kutunza, kuweka michoro na kupanga spea mapema, umebadilisha tu jina la shida.

Na kuna wezi wa kawaida pia. Bushi za shaba na vipande vya mashine iliyolala huishia kwa mizani ya vyuma vikuukuu. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku hiyo biashara baada ya milingoti ya stima kuangushwa, halafu ikafunguliwa tena mwezi wa Mei. Kipande kikiyeyushwa, sampuli nayo imeenda.

Sasa ufanye nini?

Mkutano mkuu wa sosaiti ukifika, usiende kupigia makofi bei peke yake. Uliza maswali matatu. Moja, msimu uliopita kahawa yetu ilitoa AA ngapi na T ngapi, na mwaka wa kabla ya hapo? Mbili, diski zilibadilishwa lini, na nani alizipima? Tatu, tuna mchoro wa mashine yetu ama tunategemea kumbukumbu ya fundi mmoja mzee?

Halafu sosaiti za Tetu, Othaya na Mathira zikae chini. Mashine zao zinafanana. Seti moja nzuri ya michoro na sampuli za mbao inaweza kuhudumia fakitri mob, na oda ya diski 40 inapata bei na umakini ambao oda ya diski mbili haitawahi kupata. Fanyeni hiyo kazi kati ya misimu, mashine zikiwa zimelala. Novemba itakuwa too late.

Bei ya New York hatuwezi kuiamua tukiwa Wamagana. Itashuka siku moja, huwa inashuka. Lakini ile nafasi nyembamba kati ya diski na upau iko mikononi mwetu.