Tumbawe Halishibi Nuru

Msomaji, yako majina yasiyodhuru na yako majina yauayo. Kiboko ya Makueni, iliyo kando ya njia kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, imepewa jina la mnyama wa majini katika nchi ambayo mvua yake ni haba, wala sijasikia kwamba jina hilo limemtia mtu hasarani. Lakini tumbawe la jua limeuawa mara nyingi na jina lake. Liliitwa hivyo kwa sababu ya rangi yake ya manjano na ya machungwa, na kwa minyiri yake inayotandaa kama miale. Mnunuzi asikiapo jina hilo hulipandisha juu ya jiwe la katikati ya tangi lake la kioo, chini ya taa kali kupita zote, kisha huketi kitini akidhani amelitia peponi. Mimi nasema amelitia jangwani.

Matumbawe mengi yanayojenga miamba ya Malindi, Watamu na Kisite hubeba ndani ya nyama zao vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijimea hivyo hutengeneza chakula kwa nuru, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wao. Tumbawe la jua, ambalo wataalamu huliita Tubastraea, halina vijimea hivyo. Makazi yake ni chini ya vichwa vya miamba, mapangoni, na kwenye nguzo za gati, mahali penye kivuli na mkondo. Aghalabu hufunguka usiku likanasa vijidudu vinavyochukuliwa na maji. Nuru si sumu kwake. Ila si chakula chake.

Wazee wa Ukambani waliuita ukame wa mwaka 1984 Nikwa Ngwete, maana yake, ninakufa nami nimeshika. Fedha ilikuwamo mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Sijui jina lifaalo zaidi kwa hali ya tumbawe lililowekwa chini ya taa za thamani bila kulishwa. Wala halifi kwa siku moja, jambo ambalo lingemwamsha mwenyewe. Hudhoofika kwa miezi: vinywa hukaa vimefumbwa, nyama iliyo kati ya kinywa na kinywa huywea, mifupa myeupe huanza kuonekana, na muda huo wote wageni huingia sebuleni wakasifu uzuri.

Huambiwa kwamba kiumbe huyu ni dhaifu kwa maumbile, na kwamba kifo chake hakina wa kulaumiwa. Utetezi huu ni wa uongo. Tumbawe hili, lenye asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, lilikwisha kuonekana katika Karibi mwaka 1943. Tangu miaka ya 1980 limeenea pwani ya Brazili, likianzia kwenye mitambo ya kuchimba mafuta baharini, hata likawa adui wa matumbawe ya wenyeji. Kiumbe aliyeteka chuma kitupu katikati ya bahari hawezi kuitwa dhaifu. Huko mkondo humletea chakula usiku na mchana; sebuleni hakuna mkondo wa kumlisha isipokuwa mkono wa mwenye nyumba.

Basi anayetaka kuliweka na aliweke chini, ubavuni mwa jiwe au chini ya kichwa chake, penye maji yanayopita bila kulipiga kwa nguvu, na tena mahali ambapo mkono wake unafika. Sharti hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote, nalo ndilo kubwa, kwa maana asiyefikia hatalisha. Taa zikizimwa, na adondoshe kwanza majimaji ya kamba, ili harufu iliamshe tumbawe. Minyiri ikichomoza, achukue bomba la sindano lisilo na sindano, atie kamba waliokatwakatwa vidogo, awapeleke polepole kwenye kila kinywa, asitegemee kwamba kinywa kilichoshiba kitamgawia jirani. Samaki watakuja kupora. Wengine hulifunika tumbawe kwa nusu ya chupa iliyokatwa mpaka limeze. Kazi hii hurudiwa mara mbili au tatu kwa juma kwa uchache, na mabaki huchafua maji, hivyo maji nayo hubadilishwa. Tumbawe lililoshiba huweza hata kuzaa, na wana wake wakashika kwenye mawe ya tangi.

Yuko atakayeninong'oneza kwamba katika Makueni maji ya kubadilisha ni dhambi, hali wanawake wanafuata maji kwa punda. Sikubaliani naye sana. Tangi la lita 200, likibadilishwa sehemu ya kumi kila juma, hutaka lita 20, nalo ni debe moja. Nyumba nyingi humwaga zaidi ya hilo kwa kuosha gari. Aibu haimo katika debe. Imo katika kumfunga kiumbe na kumnyima chakula. Mfugaji wa Kiboko hamfungi mbuzi kwenye mti mkavu akamwambia ale kivuli.

Wala tumbawe haliokotwi bure. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968, na kung'oa kiumbe humo ni kosa. Matumbawe yote ya mawe, pamoja na hili la jua, yamo katika orodha ya pili ya mapatano ya CITES, ambayo hudai kibali kabla ya kuyavusha mipaka ya nchi kwa biashara. Muuzaji asiyeweza kuonyesha kibali asipewe hata senti.

Ukikutana na mwenye tangi, msomaji, usimwulize bei ya taa. Mwulize ni nani hulilisha tumbawe lake anaposafiri kwenda Mombasa juma zima. Na asipokuwa na mtu wa kumtaja, mwambie alirudishe kwa aliyemuuzia kabla hajapanda basi.