Mcheza Kwao Asiyetunzwa

Waswahili wana msemo wasiochoka kuutumia arusini na ngomani: mcheza kwao hutunzwa. Katika ukumbi wa taarabu msemo huu si maneno matupu. Mwimbaji anapoufikia ubeti uliomchoma msikilizaji, mtu huinuka kitini, akaenda kwa madaha hadi mbele, noti mkononi, akamtunza hadharani. Lakini mtu huyo huyo, asubuhi yake, akipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuanzia Shangani hadi Hurumzi, ambako picha zimetundikwa ukutani kama nguo zilizoanikwa, hageuzi shingo. Mchoraji amekaa juu ya kigoda mlangoni, brashi mkononi. Yuko kwao na anacheza, wala hatunzwi.

Ni kweli kwamba nyingi ya picha zile hazimwiti mwenyeji. Kuna twiga, simba na tembo, Wamasai warefu waliopangwa safu, na Mlima Kilimanjaro uliovikwa theluji. Hakuna twiga katika misitu ya Unguja, wala mlima wenye theluji. Kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa hiki tu na ambaye msitu wa Jozani umehifadhiwa kwa ajili yake, ni nadra kuonekana katika picha hizo. Nyingi zimefuata mtindo wa Tingatinga, na mtindo huo hauna lawama. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha jina na wanafunzi. Alichora kwa jicho lake. Kinachouzwa leo katika vichochoro ni nakala ya nakala ya jicho hilo, nusu karne baadaye, upande wa pili wa bahari.

Hapo ndipo wakosoaji wa barazani hupata la kusema. Wachoraji hawa, husema, ni wavivu. Wameuza usanii wao kwa mgeni. Wengine huwatupia methali wanapowasikia wakiwaita wapita njia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shutuma hizi ni rahisi kutamkwa na mtu ambaye hajawahi kununua picha hata moja. Mchoraji ana kodi ya duka, ana rangi za kununua, ana watoto wa kusomesha. Mnunuzi wake wa pekee hukaa mjini siku tatu, na hutaka kitu kitakachoingia sandukuni na kuwaambia jamaa zake kwamba alifika Afrika. Mnunuzi huyo halaumiwi. Hana deni kwa mji huu. Mwenye deni ni yule anayeishi hapa na ambaye kimya chake kimemwachia mpita njia kazi ya kuamua sanaa ya Zanzibar ni ipi.

Anayekaa na wachoraji hawa kupita muda wa kupatana bei, akanywa nao kahawa na kuwauliza habari za kazi, aghalabu huonyeshwa kitu kingine. Picha hutolewa nyuma ya mlango, imekunjwa au imefunikwa gazeti: wazee wanaocheza bao, mama aliyeinamia kofia anayoishona, ngalawa zilizokaa matopeni maji yakiwa yametoka. Msanii huiangalia kwanza yeye mwenyewe, kisha humtazama mgeni wake usoni. Hiyo ndiyo picha aliyotaka kuichora. Iko nyuma kwa sababu hakuna mwenyeji aliyewahi kuiulizia.

Hutolewa hoja kwamba uchoraji wa picha ni jambo la kuja, halikuwako kwa wazee, na mwacha asili ni mtumwa. Anayesema hivyo na aikumbuke taarabu, ambayo yeye huiita yake bila ya kusita. Masimulizi yanayojulikana na wengi yanaeleza kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta muziki huo kutoka Misri kwa starehe ya kasri. Uliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya wateule. Kisha mwaka 1905 watu wa mji wakaunda Nadi Ikhwan Safaa, chama chao wenyewe, ambacho kimeishi hadi karne hii. Kisha akatokea Siti binti Saad wa Fumba, mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili mambo ambayo mtu wa Ng'ambo aliyajua kwa kuyaishi. Na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurikodi sahani za santuri. Taarabu haikuwa ya Zanzibar kwa sababu ilizaliwa Zanzibar. Ilikuwa ya Zanzibar siku ilipopata wenyewe: watu wa kuichangia, kuibishania na kuitunza. Uchoraji haujapata wenyewe. Unamngoja Siti wake, na Siti hatokei pasipo na wa kumsikiliza.

Isitoshe, si kweli kwamba jicho la mwenyeji halikuzoea sanaa. Mji huu una mamia ya milango ya nakshi: minyororo, samaki na maua yaliyochongwa kuizunguka fremu, mfaa katikati, na juu yake pengine aya iliyoandikwa kwa khati. Una kofia za viua ambazo kila tundu lake dogo lilizungushiwa uzi kwa mkono. Una piko na hina katika viganja vya bibi arusi. Una kanga, ambayo ni picha na shairi kwa pamoja: pindo, mji na jina. Lakini wanaofanya kazi hizi huitwa mafundi, washonaji na wapambaji. Neno msanii limetengewa yule anayemuuzia mgeni. Mgawanyo huu umeumiza pande zote mbili. Fundi amenyimwa heshima ya usanii, na mchoraji amekatwa na shina ambalo lingempa chakula.

Kwamba shina hilo lina utomvu, ushahidi uko mbali, na hilo ndilo la kuhuzunisha. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akaondoka angali mtoto mchanga, akakulia Uingereza. Mwaka 2017 alitunukiwa Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa nchini humo, na miongoni mwa kazi zake mna zilizojengwa kwa mpangilio wa kanga, pindo na maneno yake. Vazi ambalo mama wa Mwembetanga hulifungia kifuani akienda sokoni limetundikwa katika kumbi za makumbusho za Ulaya, na watu wamesimama mbele yake kimya, wakilisoma. Mchoraji wa Hurumzi, aliyelelewa katika kanga hizo, anamchora twiga.

Hoja ya mwisho, na yenye nguvu kuliko zote, ni ya tumbo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza 1998 na Sauti za Busara 2004. Wageni wamekuja, na fedha zimekuja nao. Nani azikatae? Hakuna anayetaka zikataliwe. Lakini mwaka 2020, maradhi ya Korona yaliposimamisha ndege, vichochoro vilinyamaza na picha zikabaki ukutani zikila vumbi. Mlango mmoja ulifungwa, na ikadhihirika kwamba duka lile halikuwa na mlango wa pili. Sanaa inayomtegemea mgeni peke yake haijapona; imeahirisha kufa.

Mlango wa pili uko Ng'ambo. Wakazi walio wengi wa mji huu hawaishi katika mawe ya Mji Mkongwe, bali wanaishi kuvuka ile barabara iliyopita mahali palipokuwa na mkono wa bahari. Ng'ambo haina maduka ya picha, lakini kinyozi ana bango lake lililochorwa kwa mkono, na daladala ina ubavu uliopambwa. Hapo picha ina mwenyewe: ikiwa mbaya, wateja watacheka, na mwenye duka atamwita mchoraji airekebishe. Ndani ya nyumba, hata hivyo, sebule imetundikwa picha iliyochapwa kiwandani ng'ambo ya bahari: maporomoko ya maji ambayo hakuna ajuaye yako wapi, na milima ya nchi ambayo hakuna aliyeifika. Fedha iliyonunua picha ile ilikuwepo. Ilipita mbele ya mlango wa mchoraji ikaenda dukani kwingine.

Na wasomaji wa mashairi, ambao ndio wenye masikio makali kuliko watu wote wa pwani, hawawezi kujitoa katika lawama hii. Mshairi akipungukiwa na mizani moja katika mshororo, wazee wa baraza humkosoa kabla kahawa haijapoa. Akitoa shairi zuri, hujibiwa kwa shairi. Kwa njia hiyo malenga hukua. Mchoraji akikosea, hakuna wa kumwambia. Akipatia, hakuna wa kumwambia vilevile. Mji uliojua kuhesabu vina kwa karne nyingi haujajizoesha kuitazama picha hata kwa muda wa kusoma ubeti mmoja.

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Arusi hazikomi, zawadi moja kati ya sufuria na mashuka na iwe picha ya mkono wa mtu wa mji. Afisi za serikali na mabenki zina kuta. Skuli zina watoto ambao wangemsikiliza fundi wa milango akieleza namna patasi inavyopita katika mti, na mshonaji kofia akieleza namna ua linavyohesabiwa. Majarida yana kurasa, na kuna watu wanaojua kuandika. Beit el-Ajaib, jengo la mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, mji mzima ulishika kichwa, kwa kuwa kila mtu alijua kilichoanguka ni chake. Picha zinazopotea nyuma ya milango haziangushi vumbi wala hazipigi kishindo, na hakuna anayeshika kichwa.

Aliyemtunza mwimbaji usiku, basi, na apite asubuhi kwa mchoraji. Awapite twiga na simba. Asimame mlangoni, aombe aonyeshwe ile iliyofunikwa gazeti.