Uwanja Safi Peke Yake Hautoshi



Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya hapa Tanzania. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha walishika majembe. Walifyeka majani kuzunguka nyumba, walifukia madimbwi, walichimba vyoo. Kazi hiyo ilikuwa njema. Yatupasa kuiendeleza.

Lakini liko jambo la kusikitisha. Utaona uwanja umefagiliwa vizuri, hauna jani hata moja. Mvua ikinyesha, udongo unachukuliwa na maji. Jua likiwaka, vumbi linaingia kwenye chakula. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo mtoto anakula ugali kwa chumvi, kwa sababu mboga hakuna. Maoni yetu ni haya: uwanja safi peke yake hautoshi. Kila nyumba iwe na bustani ya mboga.

Mboga za majani si chakula cha kudharauliwa. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga hutupatia vitamini A. Mtoto anayeikosa huanza kwa kutoona vizuri giza linapoingia. Akiendelea kuikosa, anaweza kuwa kipofu. Tena huugua upesi, na surua ikimpata humwumiza sana. Mapapai mabivu yana vitamini hiyo pia. Pika mboga kwa mafuta kidogo au karanga, ili mwili uipokee vizuri. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana, maana kikiwa kibichi kina sumu.

Wako wanaosema, "Bustani karibu na nyumba huleta nyoka na mbu." Hofu hiyo tuijibu. Nyoka hujificha kwenye nyasi ndefu na malundo ya takataka. Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama. Basi bustani ipaliliwe. Mahindi na mtama vipandwe mbali, na karibu na nyumba zipandwe mboga fupi. Makopo na vifuu vinavyoshika maji vifukiwe. Maji ya kuoshea vyombo yasiachwe yafanye dimbwi, bali yamwagiwe mboga. Maji ya bafuni yaelekezwe kwenye migomba.

Wengine husema hawana nafasi. Hatua 4 kwa hatua 4 zinatosha kuanzia. Tia samadi iliyooza vizuri. Usitie kinyesi cha watu, kwani huleta minyoo na kipindupindu. Zungushia uzio wa miti au miiba, kuku na mbuzi wasiingie. Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Kama uwanja una mteremko, panda mistari ya mchaichai kuzuia udongo usichukuliwe.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Mama analima shamba, anachota maji, anapika na kulea watoto. Tukimwachia bustani peke yake, bustani itakufa. Baba alime na ajenge uzio. Watoto wamwagilie maji jioni. Mtoto akipofuka, si mtoto wa mama tu. Ni mtoto wa wote wawili.

Jembe lipo. Uwanja upo. Tuanze wiki hii.