Waya Mweupe wa Tela



Nalipokuwa Makandana, Tukuyu, kuwazuru wakulima wa chai, nalimtazama fundi akitia soketi ya tela katika bodi ya pikapu, mbali na matope ya mvua ya Rungwe. Soketi ilikuwa ya pini 7. Waya mweupe, yaani wa ethi, aliufunga kwenye chesisi baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa.

Hapa kisiwani wengi wetu twauacha, twategemea chuma cha kufungia tela kipitishe umeme. Kikishika kutu ya chumvi, taa hufifia. Wakanyaga breki, yawaka indiketa! Nyuma yako usiku yuko mtu na baiskeli yake.

Naomba kila mwenye pikapu autie kabla ya mchumo. Bei yake haifiki kilo moja ya karafuu kavu.