Utakula Kigiriki?

Wasee, kila mtu akisema anafanya PhD ya Kigiriki cha kale na Kilatini, swali ni moja: "Utakula Kigiriki?" Halafu emoji tatu za kicheko na mambo yameisha. Mimi nasema mnacheka mtu asiyefaa.

Kwanza jueni kazi yenyewe. Marekani, PhD hii inakula miaka 5 hadi 7, wengine hata zaidi. Unasoma Homer, Thucydides, Cicero na Tacitus kwa lugha zao wenyewe, halafu unawekwa kwenye mtihani: hii hapa Kigiriki, itafsiri, na kamusi uache nyumbani. Juu ya hayo lazima uweze kusoma Kijerumani, na Kifaransa ama Kiitaliano, kwa sababu utafiti mwingi uko huko. Hizo ni lugha 4 kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa tasnifu. Huyo si mvivu aliyetoroka hesabu, tafadhali.

Na wakati huo wote anafundisha. Yule anayesimama asubuhi mbele ya darasa la mwaka wa kwanza akiwakaririsha vitenzi vya Kilatini, mara nyingi ni yeye. Rundo la mitihani la kusahihisha ni lake. Analipwa posho, chuo kinamwita "mwanafunzi", na bei ya mwalimu inabaki chini. Akishamaliza, anakuta nafasi za kudumu zinazotangazwa kila mwaka ni chache kuliko wanaohitimu, na kwenye foleni wako wenzake waliohitimu miaka iliyopita wakiwa bado wanatafuta. Wengi wanaishia mikataba ya mwaka mmoja mmoja, leo jimbo hili, kesho lile, ama kulipwa kwa kila kozi kama kibarua wa mjengo. Kama una mjomba lekchara wa kibarua hapa Kenya, anayengoja pesa za muhula uliopita, hii stori unaijua tayari.

Idara zinajua hesabu hizi vizuri. Bado zinasajili, maana bila hao wanafunzi nani atafundisha darasa la asubuhi? Halafu kijana akikwama, anaambiwa alichagua somo lisilo na soko. Manze, soko gani? Wanafunzi wa kufundishwa wapo darasani, kazi ipo, inafanywa kila siku. Kinachokosekana ni mtu wa kuilipia mshahara kamili. Na kila mara tukicheka "utakula Kigiriki", tunamsaidia bosi kuficha hapo.

Najua kuna wale watasema, basi liachwe life, hayo ni mambo ya wazungu. Hapana. Inasimuliwa kwamba John C. Calhoun, mwanasiasa wa Marekani aliyetetea utumwa, alisema siku atakayompata Mweusi anayejua sarufi ya Kigiriki, ndipo ataamini Mweusi ni binadamu. William Sanders Scarborough alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1852, akajifunza kusoma kwa siri, na 1881 akachapisha kitabu cha kufundishia Kigiriki. Calhoun alikuwa kaburini kitambo. Toni Morrison naye alisoma haya masomo pale Howard, chuo cha Weusi kule Washington, kando ya Kiingereza. Howard hiyo hiyo ilivunja idara yake ya masomo haya mwaka 2021. Aki, hiyo iliniuma.

Sasa njooni nyumbani. Maelezo ya zamani zaidi ya pwani yetu ambayo bado tunayo yako kwenye Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1. Mwandishi hajulikani, lakini aliandika Kigiriki. Anataja mji wa Rhapta, anataja pembe za ndovu, anataja Waarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Hata jina Rhapta linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu vyombo vya huku vilikuwa vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, kama mtepe wa Lamu. Mahali mji ulipokuwa bado panabishaniwa, na ubishi huo unategemea neno moja moja la Kigiriki. Sisi tunangoja tafsiri ya mwingine, kisha tunamcheka anayetaka kusoma mwenyewe.

Ninachotaka ni kitu kidogo tu. Kila idara inayotoa PhD hii ichapishe kila mwaka: waliingia wangapi, wakamaliza wangapi, na leo wanafanya kazi gani. Ziko zinazofanya hivyo. Zilizobaki zilazimishwe, na anayefundisha alipwe kama mwalimu.

Na kama ni wewe unaomba nafasi, usisaini chochote kabla hujawaandikia uulize hizo namba, pamoja na saa utakazofundisha na posho utakayopata. Wakikuzungusha, peleka maombi kwingine.